Nafasi Tupu Ina Wenyewe: Upunguzaji katika Kazi za Peter Brook, kutoka King Lear hadi The Ik

Ikisiri

Makala haya yanachunguza kazi za Peter Brook (1925–2022), mwongozaji wa Uingereza aliyefanya kazi kwa zaidi ya miaka sabini katika jukwaa, televisheni na filamu. Hoja kuu ni kwamba mbinu yake ya kudumu, yaani kupunguza maneno, mandhari, maleba na hata matukio hadi abaki mwigizaji mbele ya mtazamaji, haileti matokeo yale yale kila inapotumika. Inapotumika juu ya matini ambayo hadhira inaijua, kama King Lear, mtazamaji hulihisi pengo na kulitafsiri. Inapotumika juu ya watu ambao hadhira haiwajui, kama Waik wa kaskazini mashariki mwa Uganda, pengo halionekani, na kilichoondolewa huhesabiwa kuwa hakikuwapo kamwe. Makala yanalinganisha kazi hizo mbili, kisha yanaonyesha namna kazi za mwisho za Brook zilivyokaribia kulirekebisha tatizo hilo bila kulitaja.

1. Utangulizi

Peter Brook alizaliwa London mwaka 1925 na wazazi Wayahudi waliotoka Latvia. Alisoma Oxford, na akiwa na umri wa miaka 21 tu aliongoza Love's Labour's Lost huko Stratford. Muda mfupi baadaye alipewa usimamizi wa maonyesho ya opera katika Covent Garden. Mwaka 1955 aliongoza Titus Andronicus, Laurence Olivier akiwa mhusika mkuu. Katika miaka ya 1960 alifanya kazi na Royal Shakespeare Company, na mwaka 1970 akaandaa A Midsummer Night's Dream ndani ya sanduku jeupe lililobuniwa na Sally Jacobs. Mwaka huo huo alianzisha Paris, pamoja na Micheline Rozan, kituo cha kimataifa cha utafiti wa sanaa za maonyesho. Kuanzia 1974 kituo hicho kilikuwa na makao katika Bouffes du Nord, jumba kuukuu ambalo kuta zake zilizochakaa ziliachwa kwa makusudi bila kurembwa. Sambamba na kazi hiyo ya jukwaani alitengeneza filamu, zikiwamo Lord of the Flies (1963), Marat/Sade (1967), King Lear (1971) na The Mahabharata (1989).

Wahakiki wengi wamemsifu kwa usahili. Sifa hiyo ina msingi katika kitabu chake The Empty Space (1968), ambacho kinaanza kwa wazo kwamba nafasi yoyote iliyo tupu yaweza kuitwa jukwaa: mtu mmoja akiikatiza na mwingine akimtazama, tendo la kisanaa limekwisha kuanza. Msomaji wa Kiswahili atalikuta wazo linalofanana na hilo katika Fasihi na Sanaa za Maonyesho (1976), ambamo Penina Muhando na Ndyanao Balisidya wanazifafanua sanaa za maonyesho kwa kutaja dhana inayotendeka, mtendaji, uwanja wa kutendea na watazamaji. Hata hivyo, orodha hizo mbili zinatofautiana katika jambo moja la msingi. Kwa Brook nafasi ni tupu, na utupu wake ndio uhuru wake. Kwa Muhando na Balisidya kuna uwanja, na uwanja haukosi wenyewe, kwa kuwa ni mahali ambapo jamii fulani imekwisha kukutana kwa sababu inayoijua.

Tofauti hiyo ndiyo inayoongoza mjadala huu. Swali linaloulizwa si kama Brook alikuwa msanii mkubwa, kwani hilo halina ubishi. Swali ni nini hutokea msanii anapoondoa kitu kutoka katika kazi ya watu wengine, na nani hubaki na uwezo wa kukirudisha. Kwa wasomaji wa Afrika Mashariki swali hili si la nadharia tupu, kwa sababu mojawapo ya kazi zake mashuhuri ilibeba jina la watu wa eneo hili.

2. King Lear: pengo linalohisiwa

King Lear inafaa kuwa kipimo cha kwanza, kwa kuwa Brook aliirudia katika vyombo vyote vitatu. Mwaka 1953 aliiongoza katika televisheni ya Marekani, ikirushwa moja kwa moja, Orson Welles akiwa Lear. Onyesho lilichukua dakika zipatazo 73. Ili muda huo utoshe, kisa cha Gloucester na wanawe wawili, ambacho katika tamthilia hukimbia sambamba na kisa cha mfalme, kilitolewa. Upunguzaji huu wa kwanza ulilazimishwa na chombo. Televisheni ya wakati huo ilikuwa na saa yake, na mwongozaji aliitii.

Onyesho la Stratford la mwaka 1962, Paul Scofield akiwa Lear, lilikuwa na upunguzaji wa aina nyingine. Hapa hapakuwa na saa ya kuogopwa. Katika matini ya Quarto, Gloucester anapokwisha kupofushwa, watumishi wawili hubaki nyuma na kuazimia kumsaidia mzee huyo na kumpaka dawa. Katika Folio watumishi hao hawamo. Brook aliifuata njia ya Folio na kuwaondoa. Zaidi ya hapo, taa za ukumbi ziliwashwa huku Gloucester akiwa bado anajikokota kuondoka jukwaani, hivi kwamba mapumziko yalianza mbele ya macho ya kipofu anayetafuta njia. Aliondoa pia majuto ya Edmund ya dakika za mwisho. Athari ya maandishi ya Jan Kott, aliyemsoma Shakespeare kwa jicho la Ulaya iliyotoka vitani, ilionekana wazi.

Kilichoondolewa hapa, kwa neno moja, ni huruma. Hata hivyo, huruma hiyo haikutoweka. Mtazamaji wa Stratford alikuja na King Lear yake kichwani. Aliisoma shuleni, aliwahi kuiona kwa waongozaji wengine, na aliweza kuinunua dukani. Alipowakosa watumishi alijua kwamba wamekosekana, na kule kukosekana kukawa ndiyo kauli ya onyesho. Wahakiki waliandika juu ya jambo hilo, wengine kwa hasira, na mabishano hayo yakawa sehemu ya maana ya kazi. Upunguzaji ulifanya kazi kama kimya ndani ya shairi la arudhi. Msikilizaji anayeijua mizani husikia mahali ambapo silabi ilipaswa kuwapo.

Filamu ya 1971 iliendeleza njia hiyo. Ilipigwa Denmark, katika nyanda za Jutland wakati wa baridi, kwa picha nyeusi na nyeupe. Inaanza kwa kimya, kamera ikipita polepole juu ya nyuso za umati unaongoja. Mistari mingi imekatwa, na mahali pengine maandishi mafupi kwenye skrini yanashika nafasi ya mazungumzo. Vifo vya mabinti wakubwa, ambavyo katika tamthilia hutokea nje ya jukwaa na kuripotiwa kwa maneno, hapa vinaonekana. Goneril anamuua Regan, kisha anajiua kwa kujipigiza kichwa kwenye jiwe. Neno limegeuzwa kuwa tendo, na tendo linapita haraka kuliko neno lolote. Mtazamaji anayeijua tamthilia anaona kwamba faraja ya usemi imenyang'anywa wahusika. Asiyeijua anaona filamu ya kikatili yenye mantiki yake. Wote wawili, hata hivyo, wanaweza kurudi kwenye matini na kulinganisha.

Hali kadhalika Marat/Sade. Tamthilia ya Peter Weiss ilikuwa na matini yake ya Kijerumani na tafsiri yake ya Kiingereza, na filamu ya 1967 iliingiza kamera katikati ya wagonjwa wa Charenton bila kuifuta tamthilia. Lord of the Flies ilipigwa katika kisiwa cha Vieques, Puerto Rico, kwa kutumia wavulana wasio waigizaji wa kazi, na sehemu kubwa ya mazungumzo ilibuniwa papo hapo. Riwaya ya William Golding ya mwaka 1954 iliendelea kusomwa kando yake. Katika kazi zote hizi upunguzaji una mdhamini, nayo ni matini inayoishi nje ya onyesho.

3. Orghast na zulia: lugha isiyo ya mtu

Baada ya kuhamia Paris, Brook alianza kumwondoa mdhamini huyo. Mwaka 1971 kundi lake, lililokuwa na waigizaji wa mataifa mbalimbali, lilionyesha Orghast katika magofu ya Persepolis nchini Iran. Mshairi Ted Hughes aliunda lugha mpya kwa ajili ya kazi hiyo, na lugha nyingine za kale zikatumiwa pamoja nayo. Nia ilikuwa kutafuta sauti inayomfikia msikilizaji kabla ya maana ya msamiati, kama vile muziki unavyofika.

Kiisimu, jaribio hilo linaweza kujadiliwa. Mfumo wa sauti bila jamii ya wazungumzaji una fonolojia lakini hauna pragmatiki. Hauna adabu, mafumbo wala utani, na hauna njia ya kuonyesha kwamba mzungumzaji ni mdogo kwa yule anayemwambia. Hata hivyo, jaribio lilikuwa la haki kwa namna moja. Kwa kuwa lugha hiyo haikuwa ya mtu yeyote, hakuna aliyenyang'anywa kitu.

Hatua iliyofuata ilikuwa safari ya Afrika. Kuanzia Desemba 1972 hadi mapema 1973 kundi lilipita Algeria, Niger, Nigeria, Dahomey (leo Benin) na Mali, likitandika zulia katika viwanja na masoko ya vijiji na kuigiza mbele ya watu ambao halikuwa na lugha ya pamoja nao. John Heilpern, aliyesafiri na kundi, aliisimulia safari hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1977. Masimulizi yake yana faida kubwa kwa sababu hayafichi kushindwa. Mchezo uliobuniwa kwa kutumia jozi ya viatu, kwa mfano, ulitegemea watazamaji wakubali kwamba viatu vina nguvu za ajabu, kanuni ambayo wao hawakuwa wamepewa. Palipofanikiwa, mara nyingi ilikuwa pale wenyeji walipojibu kwa nyimbo na ngoma zao.

Kwa jicho la fasihi simulizi, kushindwa huko hakushangazi. Fanani wa pwani hasemi "Paukwa!" na kuendelea moja kwa moja. Hungoja "Pakawa!" ya hadhira, na kitikio hicho ni idhini na mkataba kwa pamoja. Kwa kitikio hicho hadhira inakiri kwamba inajua kinachokuja ni cha aina gani, na kwamba itamsahihisha fanani akipotoka. Zulia la Brook lilikuwa na "Paukwa" bila mkataba huo. Hata hivyo, hadhira ilikuwapo. Iliweza kucheka, kukaa kimya au kuondoka. Vijiji vya Algeria na Niger vilikuwa na uwezo wa kulikataa onyesho, na vingine vililikataa.

Safari hiyo haikufika Afrika Mashariki. Afrika Mashariki iliingia katika kazi ya Brook kwa njia ya kitabu.

4. The Ik: pengo lisiloonekana

Kitabu hicho ni The Mountain People (1972) cha mwanaanthropolojia Colin Turnbull, aliyeishi na Waik, jamii ndogo ya milimani katika Karamoja, katikati ya miaka ya 1960. Turnbull aliwakuta wakati wa njaa kali. Bonde la Kidepo, walikowinda, lilikuwa limefanywa hifadhi ya taifa mwaka 1962. Picha aliyoichora ni ya watu waliopoteza upendo wote: wazee wanaachwa wafe, watoto wanafukuzwa nyumbani wakiwa wadogo, na anayeanguka huchekwa. Katika sura za mwisho aliwafanya Waik kuwa kioo cha ubinafsi wa nchi za Magharibi. Alifikia hata kuishauri serikali ya Uganda iwatawanye katika makundi madogo, mbali na mbali, ili jamii yao isiendelee kuwapo.

Mwaka 1975 Brook alionyesha Les Iks katika Bouffes du Nord. Baadaye onyesho lilichezwa kwa Kiingereza, kwa jina The Ik, huko London na Marekani. Matini ilitayarishwa na Denis Cannan na Colin Higgins kutokana na kitabu cha Turnbull. Waigizaji wachache wa mataifa tofauti waliwaigiza Waik bila kujipaka rangi na bila maleba ya kikabila. Walizitazama picha za Waik na kuyaiga mikao yake, wakitafuta njaa katika mgongo, goti na kiganja. Andreas Katsulas aliigiza nafasi ya Turnbull mwenyewe, akiwa mhusika kati ya wahusika.

Kama ufundi, hili lilikuwa kilele cha yote yaliyotangulia. Mkao wa mwili ulibeba kile ambacho Orghast ilikitafuta kwa sauti. Kukataa rangi na maleba kulikuwa pia uamuzi wa kimaadili. Brook hakutaka Mwafrika wa maonyesho, alitaka binadamu mwenye njaa. Lakini kilichopunguzwa zaidi ni kile kile kilichopunguzwa Stratford mwaka 1962. Huruma haimo. Tofauti ni kwamba mtazamaji wa Paris hakuja na Waik wake kichwani. Hapakuwa na Quarto ya kufungua nyumbani. Watumishi wa Gloucester walipokosekana, hadhira ilijua kwamba Brook amewaondoa. Wema wa Waik ulipokosekana, hadhira iliamini kwamba Waik hawana wema.

Je, wema huo ulikuwapo? Hapa ndipo isimu ilipotoa mchango ambao uhakiki wa sanaa za maonyesho haujautumia ipasavyo. Bernd Heine, mwanaisimu wa lugha za Kiafrika, alikwenda kwa Waik mwanzoni mwa miaka ya 1980, na mwaka 1985 alichapisha makala mafupi lakini mazito katika jarida la Africa. Alionyesha kwamba Turnbull aliijua lugha ya Waik kwa kiasi kidogo tu. Alionyesha pia kwamba baadhi ya watoa taarifa wake wakuu hawakuwa Waik bali Wadiding'a, na kwamba vijiji vitatu kati ya sita alivyovichunguza viliongozwa na watu wasio Waik. Watu aliowakuta Heine hawakufanana na taswira ya kitabu. Heine alifuatisha kazi hiyo kwa kamusi ya lugha ya Ik (1999), na mwaka 2017 Terrill Schrock akachapisha kamusi pamoja na muhtasari wa sarufi ya lugha hiyo, ambayo wenyewe huiita Icétôd. Ni lugha ya kundi dogo la Kuliak, lenye ndugu wachache sana waliosalia.

Uzito wa jambo hili kwa uhakiki ni huu. Matini ya The Ik ilipitia ngazi kadhaa kabla ya kufika jukwaani: maneno ya watu yaliyosikika nusu, mara nyingine kwa vinywa vya wasio wenyewe, kitabu cha Kiingereza, tamthilia, na hatimaye mkao wa mwili. Kila ngazi ilipunguza. Ngazi ya mwisho, iliyo ya kisanaa zaidi, iliifanya hasara ya ngazi ya kwanza isionekane, kwa sababu mwili haushutumiwi kwa tafsiri mbaya. Mtu anaweza kubisha kwamba sentensi fulani haikutafsiriwa sawasawa. Ni vigumu kubisha dhidi ya goti lililokunjwa.

Zipo hoja mbili za kumtetea Brook, na zote mbili zinastahili kupimwa. Ya kwanza ni kwamba tamthilia haikuwa ethnografia bali ngano juu ya jamii yoyote inayokosa chakula. Brook na Turnbull wote waliiona hivyo: Waik walikuwa mfano wa wakaaji wa miji mikubwa. Lakini ngano huficha majina. Sungura na fisi hawana wilaya. Kama lengo lilikuwa binadamu yeyote, jina la jamii halikuhitajika katika anwani, na jina hilo lilibaki Paris, London na Marekani. Tamthilia ilitaka ukubwa wa ngano na uzito wa ushahidi kwa wakati mmoja, na gharama ya kuvipata vyote viwili ililipwa na watu ambao hawakuwamo ukumbini.

Hoja ya pili ni nzito zaidi. Kwa kumweka Turnbull jukwaani, Brook alimfanya mtazamaji amtazame mtazamaji. Tunamwona mtaalamu akigawa na kunyima chakula, na tunamwona mwenyewe akikauka moyo kadiri siku zinavyopita. Usomaji huu unawezekana, na ndio unaoifanya kazi hii iendelee kustahili kujadiliwa. Kikomo chake ni kwamba unamhoji Turnbull kama mtu, si kama chanzo. Hadhira inaweza kuuliza kama alikuwa mwema, lakini haipewi njia ya kuuliza kama alisikia vizuri. Na shaka juu ya chanzo haikuwa siri mwaka 1975. Fredrik Barth alikwisha kumkosoa Turnbull vikali mwaka mmoja kabla, katika Current Anthropology. Makala ya Heine yalikuja baada ya miaka kumi na hayawezi kudaiwa kwa Brook, lakini ya Barth yalikuwapo.

5. Baada ya The Ik: waandishi wanarudi

Mwaka 1985 Brook alionyesha The Mahabharata, iliyoandikwa kwa Kifaransa na Jean-Claude Carrière, katika machimbo ya mawe ya Boulbon karibu na Avignon. Ilichukua takriban saa tisa. Brook mwenyewe aliitafsiri kwa Kiingereza, na mwaka 1989 ikawa filamu yenye toleo refu la televisheni na toleo fupi la sinema. Mhakiki wa India Rustom Bharucha aliishambulia kazi hiyo kwa kuutoa utenzi katika mazingira ya dini na tabaka yanayoupa maana. Shutuma zake zinafanana kwa sura na zile zinazotolewa hapa dhidi ya The Ik, lakini hali ya waliokosewa haifanani. Mahabharata ina mamilioni ya wanaoijua, ina wahariri, wasimulizi na watengenezaji wa filamu wake, na ilikuwa na Bharucha wa kujibu kwa sauti iliyosikika katika majarida ya kimataifa. Waliyaona mapengo wakayataja. Waik walijibiwa na mwanaisimu mmoja, mgeni naye, baada ya miaka kumi, katika jarida ambalo watazamaji wa Bouffes du Nord hawakulisoma.

Ukizitazama kazi za Brook zinazohusu Afrika baada ya hapo, mwelekeo unabadilika. Mwaka 1989 alionyesha kwa Kifaransa Woza Albert!, tamthilia ya Percy Mtwa, Mbongeni Ngema na Barney Simon wa Afrika Kusini. Mwaka 1999 ilifuata Le Costume, kutokana na hadithi fupi ya Can Themba. Mwaka 2004 alionyesha Tierno Bokar, kutokana na maandishi ya Amadou Hampâté Bâ wa Mali, Sotigui Kouyaté akiwa mhusika mkuu. Mwaka 2006 ilikuwa zamu ya Sizwe Banzi est mort, kutokana na tamthilia ya Athol Fugard, John Kani na Winston Ntshona.

Katika kazi hizi jukwaa bado ni tupu. Zulia, viti vichache na kigogo cha kuning'inizia nguo vinatosha. Kilichobadilika ni chanzo. Mahali pa kitabu cha mgeni juu ya watu wasioandika pameshikwa na waandishi waliozungumza juu ya watu wao wenyewe, ambao matini zao zinapatikana na zinaweza kulinganishwa na onyesho. Upunguzaji umempata tena mdhamini wake. Anayeiona Le Costume anaweza kumsoma Themba na kuuliza kwa nini Brook aliacha hili na kulishika lile, kama alivyouliza mtazamaji wa Stratford mwaka 1962. Brook hakuyawasilisha mabadiliko haya kama toba ya The Ik, na si lazima yasomwe hivyo. Inatosha kutambua kwamba mbinu ile ile, mikononi mwa mtu yule yule, ilitoa haki zaidi ilipokutana na matini yenye mwenyewe.

Hata hivyo, marekebisho hayo yana mpaka. Themba aliandika kwa Kiingereza na Hampâté Bâ kwa Kifaransa. Lugha za Kiafrika zilibaki pembeni ya jukwaa, zikisikika katika nyimbo na salamu. Icétôd haikurudi. Mwandishi wa Kiafrika alikaribishwa kwa sharti kwamba amekwisha kuivuka lugha yake kabla ya kufika mlangoni.

6. Hitimisho

Makala haya hayadai kwamba mwongozaji asipunguze. Bila upunguzaji hakuna uongozaji, na baadhi ya saa bora za jukwaa na filamu za karne ya 20 zilitokana na ujasiri wa Brook wa kuondoa. Kinachodaiwa ni kwamba thamani ya kuondoa hutegemea nani anaweza kukiona kilichoondolewa. King Lear ya 1962 na The Ik ya 1975 ziliondoa kitu kimoja, yaani huruma. Ya kwanza ikawa hoja ambayo hadhira iliweza kuipinga. Ya pili ikawa habari ambayo hadhira iliipokea.

Kwa wanafunzi wa sanaa za maonyesho katika Kiswahili yapo mambo mawili ya kuchukua. La kwanza ni kwamba dhana ya uwanja, kama ilivyoelezwa na Muhando na Balisidya, isibadilishwe haraka kwa dhana ya nafasi tupu kwa sababu tu ya pili inasomwa zaidi duniani. Uwanja unamdai msanii aulize ameingia kwa nani. La pili ni kwamba kamusi na sarufi za lugha ndogo za eneo hili ni zana za uhakiki pia. Heine alikwenda kwa Waik na masikio ya mwanaisimu, na kwa masikio hayo aligundua kwamba baadhi ya mashahidi wakuu wa kitabu maarufu hawakuwa Waik. Ugunduzi huo ulihitaji kujua ni nani anasema lugha gani, na anaisema vizuri kiasi gani, jambo ambalo mkao wa mwili hauwezi kulionyesha hata uigwe kwa ustadi wa kiwango gani.